Hii Iko na Mwenyewe

Jina la mama lilikuwa bado linasomeka.

Karani alikuwa amelifuta na ile raba ya nyuma ya penseli, ile inaacha weusi kwa karatasi badala ya kusafisha, alafu juu yake akaandika jina la mtu mwingine na biro ya buluu. Lakini ukiinamisha kitabu kidogo taa ikiangukia kando ulikuwa unaona herufi za mama chini ya zile za buluu, zimebaki kama alama ya kidole kwa unga.

Ilikuwa siku tatu kabla ya Krismasi, ofisi ya basi pale River Road, saa kumi na mbili jioni, na mnajua vile River Road inakuwaga wakati huo, mtu anapita na godoro kichwani na mwingine na kuku wawili na kila mtu anaharakisha kwenda ushago. Mama alikuwa amekuja Nairobi kliniki ya macho, amemaliza, anataka kurudi Kakamega. Nilikuwa nimepiga simu siku nne mbele. Karani akaniuliza jina, nikampa jina la mama, akauliza anataka kukaa wapi, nikasema dirishani na mbele kidogo sababu ya magoti, akasema, "Sawa boss, nishambuku, namba tano."

Namba tano. Nilimwambia mama namba tano, mama akawaambia wa nyumbani namba tano.

Kwa namba tano alikuwa amekaa kijana na begi mapajani, ako na tiketi yake halali na wala simlaumu. Nikarudi ofisini. Karani akafungua kitabu, akaangalia, akaniambia bila kupandisha sauti, "Boss, kubuku nilibuku. Lakini hukutuma pesa. Kubuku si kulipa."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu chake. Akauliza, na hakuwa anagombana, alikuwa anataka tu kujua:

"Sasa kijana wangu, kubuku ni kufanya nini?"

Karani hakumjibu, simu ilikuwa inalia. Mimi pia sikumjibu. Mama alipanda gari la saa nne usiku, kiti cha nyuma kabisa, kile cha katikati ambacho huna pa kushika gari likipiga kona, na akafika salama. Hiyo ilikuwa Desemba. Sai tuko Februari inaisha na hilo swali bado linanizungusha.

Penseli na biro

Tulikaa kwa hiyo ofisi zaidi ya masaa matatu kungoja gari la pili, kwa hivyo niliona kitabu kikifanya kazi.

Ni kaunta buku ya kawaida, ile ya kava ngumu nyeusi na mgongo mwekundu. Kila ukurasa ni gari moja. Karani amechora viti na rula, viboksi viwili viwili na njia katikati, namba kwa kila boksi. Mtu akipiga simu, jina linaingia na penseli. Mtu akilipa, jina linarudiwa na biro. Hiyo ndio sheria yote. Haijaandikwa popote ukutani na hakuna mtu anakuambia ukipiga simu, lakini ndani ya ofisi kila mtu anaijua, hata yule kijana wa kupakia mizigo alikuwa anachungulia kitabu na kusema "huyo ni wa penseli huyo."

Mama alikuwa wa penseli.

Nilikuwa nimekasirika sana nikiingia, nisidanganye. Lakini ukikaa hapo benchi unaanza kuona upande wa pili. Watu wanapiga simu, wanatoa jina, kumbe wamepiga kwa kampuni tatu, wakipata yenye inatoka mapema wanaenda nayo na hawarudishi hata meseji. Jioni hiyo niliona viboksi viwili vya penseli ambavyo wenyewe hawakutokea na hawakushika simu, na gari linafaa kutoka, na nje kuna mama na mtoto mgongoni ako na pesa mkononi. Ungekuwa wewe karani ungefanya nini? Mimi ningefuta. Ningefuta haraka sana.

Kwa hivyo tatizo langu likahama. Lilitoka kwa raba likaenda kwa neno. Sababu vile aliniambia "nishambuku", mimi nilisikia biro.

Neno lilivyofika

Mnajua kubuku ni la Kiingereza, hiyo haitaki maelezo. Chenye sikuwa nimefikiria ni kwamba kwa Kiingereza chenyewe kitendo hicho kimetoka kwa kitabu kabisa, kitabu cha kushikika. Uingereza, wakati watu wanasafiri na magari ya farasi, ulikuwa unaenda mahali gari linaanzia, karani anafungua daftari, anaandika jina lako na unakoenda. Kuandikwa kwa kitabu ndio kupata kiti. Reli zilipoanza wakafanya hivyo hivyo, karani anaandika kila tiketi kwa mkono, na chumba cha tiketi kikaitwa chumba cha kubuku.

Alafu katika miaka ya 1830 akatokea Thomas Edmondson, zamani alikuwa fundi wa samani, sasa anasimamia stesheni ndogo kwa reli ya kutoka Newcastle kwenda Carlisle, akaona hii kazi ya kuandika kila abiria inachosha na inaruhusu wizi. Akatengeneza vikadi vidogo vigumu vimechapwa namba mapema, zinafuatana, na mashine ya kugonga tarehe. Jioni unahesabu namba, unajua pesa inafaa kuwa ngapi. Vikaenea karibu kila mahali reli ya Mwingereza ilifika.

Sasa angalia kilichotokea hapo. Jina lilitoka, namba ikaingia. Kitabu kilitoka. Lakini neno likabaki, watu wakaendelea kusema kubuku hata kama hakuna mtu anaandika mtu.

Reli ilifika hapa Nairobi 1899, ikafika Kisumu 1901, na ilikuja na kila kitu chake, ratiba zake, madaraja yake ya abiria, maneno yake. Na sisi tukalichukua neno tukalivalisha nguo zetu. Hii sehemu naipenda sana. Kubuku inatembea kama kujibu na kujaribu, ambazo pia ni za kuja, zilitoka kwa Kiarabu zamani: nimejibu, nimejibiwa, nijibie, nimebuku, imebukiwa, nibukie. Hakuna mtu alikaa chini akaamua. Ulimi wenyewe ulisikia hiyo u ya mwisho ukajua mahali pa kuiweka. (Rafiki yangu wa Dar nikimwambia buku yeye anafikiria noti ya elfu moja, lakini hiyo ni stori nyingine.)

Kitabu cha aina nyingine

Kuna kubuku ingine na hiyo hatuipendi. Ukishikwa usiku ukapelekwa stesheni ya polisi, jina lako linaandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na mtu anakuambia umebukiwa. Refa nae akitoa kadi ya njano anaandika kwa kijitabu chake. Zamani kabla ya Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, ambako hizo kadi zilitumika mara ya kwanza, alikuwa anaandika tu.

Kote huko kitu ni kimoja. Jina lako liko kwa kitabu cha mtu mwingine, na kalamu ako nayo yeye.

Hiyo ilinisaidia kuelewa kwa nini nilisikia uchungu kuona jina la mama limefutwa. Kiti kilikuwa kitu kidogo, alipata kingine. Lakini jina la mzee wako kwa mkono wa mtu asiyemjua, kuandikwa bila uzito na kufutwa bila uzito, hiyo ni ngumu kuangalia.

Kabla hatujabuku

Sasa nikaanza kujiuliza, mama angekuwa ndio anafanya hiyo kazi angesemaje? Yeye husema kubuku akiongea na sisi wa Nairobi tu.

Kuna kukata tiketi. Hiyo iko wazi kabisa, imekatwa, imechanika kutoka kwa kitabu, hairudishiki. Hakuna penseli ya kukata.

Kuna kushika. Nishikie laini, naenda kunywa chai narudi. Huyo anayekushikia amesimama hapo na mwili wake, miguu inamuuma kwa ajili yako, akiondoka nafasi yako imeondoka nae.

Kuna arbuni, ambayo vijana wengi hawaitumii siku hizi, wanasema dipoziti. Ni ile pesa kidogo unaacha kwa fundi au kwa mwenye nyumba kuonyesha hukuja kucheza. Arbuni inawafunga wote wawili, na ndio inakosekana kwa ile kaunta buku, sababu ningeambiwa tuma mia tatu ningetuma hapo hapo.

Na kuna kuweka. Vitabuni na kwa mitandao ya hoteli utasoma "weka nafasi", na ni Kiswahili safi, sina shida nacho, lakini mtaani hakuna mtu anasema hivyo. Mtaani tunasema niwekee. Na hapo ndio nilisimama, sababu hiyo -ea inabeba kitu kikubwa. Kuweka unaweka kitu. Kuwekea unamwekea mtu. Huwezi kusema niwekee bila kuwa na mtu wawili ndani ya neno, mwenye anaweka na mwenye anawekewa, wote wako hapo, huwezi kumficha hata mmoja. Ndio, na nibukie pia inaweza kufanya hivyo, lakini sikiliza vile watu husema: "imebukiwa." Imebukiwa na nani? Kwa nani? Hakuna mtu. Kiti kimejibuku chenyewe.

Alafu kuna hii ya matatu, ambayo sote tumeisema. Mtu anaingia, anaona kiti kiko tupu kina sweta juu yake, anauliza, "Hapa kuna mtu?" Na wewe unajibu, "Eeh, kuna mtu."

Hakuna mtu. Kuna sweta. Lakini unasema kuna mtu, na yule anakubali, anaenda nyuma. Ama unasema, "Hii iko na mwenyewe." Mimi nimesema hayo maneno miaka yote na sikuwahi kuyasikia. Mtu ambaye hayupo tunamhesabu kama yupo, tunamlinda kwa maneno tu, na gari zima linaheshimu mpaka afike na soda yake.

Avokado mbili

Hii ndio sehemu ilinigeuza na nitaieleza pole pole.

Karibu na kwangu kuna mama mboga, meza yake iko chini ya mti kando ya lango la ploti. Mwezi wa kwanza, Jumanne jioni, nilipita nikitoka job nikataka avokado. Alichukua moja, akaibonyeza na kidole gumba pale shingoni karibu na kikonyo, akaitikisa sikioni, akairudisha. Akachukua ingine. Akaniambia, "Kastoma, za leo hazijaiva. Hizi mbili zitakuwa tayari Alhamisi." Nikamwambia, "Basi niwekee." Nikaenda.

Alhamisi nilichelewa mjini. Ijumaa nilisahau. Jumamosi nilipitia upande ule mwingine. Nilirudi Jumapili jioni, na sikuwa nimeenda kwa ajili ya avokado, nilikuwa nataka nyanya na dania.

Akanisalimia, akainama chini ya meza, akatoa kifurushi cha gazeti kimekunjwa vizuri na kufungwa na kamba ya sisali. Akakifungua. Ile moja ilikuwa imelainika kabisa, ngozi imetengana na nyama, ukiigusa inazama. Ile ya pili ilikuwa imeanza kuwa nyeusi upande mmoja.

Nikamuuliza kwa nini hakuuza.

"Walikuja watu wakaziona. Yule mama wa gorofa ya tatu alitaka zote mbili juzi. Nikamwambia hizo ziko na mwenyewe."

Alisema hivyo tu. Hakunilaumu, akaanza kuchagua nyanya. Nikatoa pesa ya avokado, akakataa ile moja, akasema hiyo imeharibika hawezi kuniuzia kitu kimeharibika, nikailipa kwa nguvu, nikatuma kwa simu kabla aseme hapana.

Nilibeba zote mbili nyumbani. Ile iliyoharibika niliiweka mezani nikakaa nayo. Siku hizo zote huyu mama aliandika jina langu na biro, na mimi kwa upande wangu nilikuwa nimeongea na penseli. Nilikuwa nimemfanyia vile watu wanamfanyia karani wa River Road. Nilisema niwekee vile mtu husema habari, na yeye akanisikia vile mama yangu alisikia namba tano.

Nilimtafuta kesho yake nikamwomba msamaha vizuri. Alishangaa kidogo, akasema ni sawa. Sidhani alielewa nilikuwa naomba msamaha wa nini chote.

Lakini mwenyewe ni nani

Hapo nilikuwa karibu kuandika hii makala na kusema turudi kwa kuwekeana, basi. Alafu nikasikia hayo maneno mahali pengine.

Binamu yangu amemaliza chuo, anatafuta kazi. Aliona tangazo, akaandaa makaratasi yote, akapeleka. Mtu anayefanya kazi huko ndani akamwambia kwa upole, "Usijisumbue. Hiyo iko na mwenyewe."

Maneno ni yale yale, na yamebadilika yakawa ukuta. Mtu amewekewa. Kuna mjomba mahali, kuna simu ilipigwa, kuna jina liliingia na biro kabla tangazo litoke. Kila mtu Nairobi anajua hii, kazini, shuleni, hata kitanda cha hospitali wakati mwingine. Yule anayependwa anawekewa na yule asiye na mtu anaambiwa imejaa.

Hapo nikaanza kuiheshimu ile baridi ya kubuku. Chukua treni ya Madaraka. Tangu 2017 ukitaka kwenda Mombasa unaingia kwa simu, *639# ama mtandaoni, unaweka namba ya kitambulisho, unalipa na M-Pesa, tiketi ni yako. Kiti cha kawaida kilikuwa 1,000 mpaka kikapandishwa 1,500 mwanzo wa 2024, lakini hiyo ni bei kwa kila mtu. Mashine haijui mjomba wako. Desemba viti vikiisha vimeisha, na wewe na mimi tunakosa sawa sawa. Kwa mtu kama binamu yangu, ambaye hana mtu wa kumwekea chochote, kitabu kisichomjua mtu ndio kitabu chake.

Na ni kweli pia kwamba mama mboga wangu anaweza kuniwekea sababu ananijua sura. Karani wa Desemba anapigiwa simu na watu mia, atamwekea nani? Akimwekea mmoja sababu ya magoti, mwingine ako na mtoto, mwingine anaenda matanga. Atapima vipi?

Nimezunguka na hii mpaka nikachoka, na bado sijaridhika kabisa. Lakini kuna kitu kimoja naona kiko sawa pande zote mbili. Mashine ya treni haikudanganyi, inakuambia hujalipa, huna kiti. Mama mboga hakudanganyi, akisema atakuwekea atakuwekea. Aliyetuumiza ni yule wa katikati, aliyetumia neno lenye joto kwa kitu cha penseli. "Nishambuku, namba tano." Angesema tu, "Nimemwandika, lakini ukikosa kutuma kufikia kesho saa sita nitampa mtu mwingine," mama angekaa dirishani. Maneno yalikuwepo. Hata sekunde kumi hayachukui.

Siku hizi mtu akiniambia amenibukia, namuuliza, unaniwekea mpaka saa ngapi? Kinyozi nimemuuliza, fundi wa simu nimemuuliza. Wengi wananyamaza kwanza. Sio kwamba wanaficha kitu, ni vile hawakuwa wamefikiria. Na nikisema mimi mwenyewe niwekee, nasema na saa ya kurudi, na nikiona nimekwama natuma meseji, uza, usiningoje.

Jogoo

Juzi mama alipiga simu jioni. Macho yanaendelea vizuri, anasoma Biblia bila kuisogeza mbali. Akaniambia kuna jogoo, yule mwekundu, majirani wametaka kumnunua mara mbili, amekataa.

"Nimekuwekea wa Pasaka. Usikawie."

Nikamwambia nitakuja. Nikakata simu nikakaa kidogo, alafu nikapigia ile ofisi ya River Road, sababu magari yao ni mazuri na dereva wao hana haraka. Ilikuwa sauti ile ile.

"Unasafiri lini boss? Nikubuku?"

"Mpaka saa ngapi?"

Akanyamaza. Nilisikia kurasa zikigeuzwa.

"Nikupe mpaka kesho saa nane mchana. Ikipita hapo nafuta."

"Basi niandike. Namba tano kama iko."

"Iko," akasema, na nikasikia penseli.

Nilituma saa nne asubuhi.